Fikasi imefika na basi, sasa inadondosha majani kila siku. Naiokoaje?

"Shikamoo mtaalamu. Niko Dodoma, mwezi huu wa saba niliagiza ua kutoka kitalu kimoja cha Dar, lile lenye majani makubwa kama gitaa, wenyewe wanaliita fidolifu. Laki na ishirini bila nauli. Lilipakiwa basi la usiku likiwa kwenye boksi, afu likakaa ofisini kwa watu wa parseli siku nzima, kwa hiyo kama siku mbili lilikuwa gizani. Lilifika na majani kumi na nne, mengine yamelegea, moja limepasuka. Siku hiyo hiyo nikalitoa kwenye kiriba nikalihamishia chungu kikubwa cha kauri, udongo mweusi niliochanganya na samadi ya ng'ombe, nikaliweka barazani lipate jua, nikawa namwagilia kila asubuhi manake lilikuwa limenyong'onyea. Siku ya nne majani yakaanza kudondoka nikaweka kijiko cha yurea. Leo siku ya kumi na moja, yamebaki majani sita, mawili yana madoa ya kahawia na kingo zimekauka kama karatasi. Mume wangu ananicheka, anasema nimenunua kuni za laki. Je linakufa? Nilihamishe tena, nilikate, au nisubiri? Kuna mtu kaniambia nilimwagie maji ya sukari."

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla hujasoma yote haya nenda kalikwaruze shina kwa ukucha, padogo tu kama punje ya mchele, karibu na juu. Ukiona kijani chenye unyevu, na hasa kikitoka kitone cheupe kama maziwa, mmea upo hai na mwambie mzee kuni zake bado mbichi. Ukikuta kahawia kavu usikate tamaa, shuka chini kama kiganja kimoja ukwaruze tena, endelea kushuka mpaka ukaribie udongo. Hizi fikasi, yani jamii ya hilo fidolifu lako, zinaweza kufa juu zikawa nzima chini. Kikikosekana kijani popote mpaka usawa wa udongo hapo ndio nitakupa pole ya aina nyingine, ila kwa mmea ambao bado una majani sita sitegemei tufike huko.

Naona kwenye ujumbe wako una maswali mawili yamefungwa kwenye fundo moja. La kwanza ni la moyoni, yani wewe ndio umeliua au uliuziwa likiwa bovu. La pili ufanye nini leo. La kwanza nikujibu bila kukuficha: majani ya mwanzo kudondoka sio kosa lako kabisa, hayo yalishapangiwa kudondoka humo humo kwenye boksi. Lakini mambo manne uliyoyafanya kwa mapenzi mema baada ya kulipokea, yani kulihamisha, jua, maji ya kila siku na yurea, ndio yanalizuia lisisimame. Na usijilaumu, karibu kila mtu anayeniletea ua lililosafiri amefanya manne hayo hayo, na mimi zamani nilishayafanya.

Sasa tuingie ndani ya boksi tuone kilichotokea. Jani linatengeneza chakula chake kwa mwanga. Ukilifungia gizani linaacha kutengeneza lakini haliachi kula, linapumua usiku na mchana na kutumia sukari iliyowekwa akiba, na joto la buti la basi likipanda ndio linakula haraka zaidi. Siku mbili gizani peke yake mmea wenye afya unazimudu. Shida ni kwamba mmea uliotikiswa, uliokunjwa na kuchubuliwa unatoa gesi inaitwa ethilini, ambayo kwa mimea ni homoni, ndiyo hiyo hiyo inayoivisha ndizi ukizifunika kwenye gunia. Barazani gesi hiyo inapeperuka na upepo, ila ndani ya boksi lililozungushiwa selotepu pande zote inajikusanya. Na hebu fikiria buti la basi la kutoka Dar lina nini kingine: maembe, maparachichi, mikungu ya ndizi inayoanza kuiva, vyote vinatoa gesi hiyo hiyo. Mwaka mmoja nilipokea fikasi sita zilizosafiri zikiwa zimebanwa na tenga la ndizi mbivu, kuzifungua tu boksi zima linanuka ndizi, nikafurahi kwamba zimefika za kijani zote. Ndani ya wiki moja nne zilikuwa fimbo.

Ujanja wa ethilini upo pale kikonyo cha jani kinaposhika shina. Pale pana mstari mwembamba wa seli, kama ile mistari ya vitobo kwenye karatasi ya stempu. Ethilini ikiamrisha, seli hizo zinalegezana, maji na chakula vinakatwa, jani linaachia. Ukitazama chini ya jani lililodondoka utaona kovu safi, halijachanika, manake mmea wenyewe umelifungua. Huu mjadala ni wa zamani, karne ya 19 huko Ulaya miti ya barabarani ilikuwa inapukutisha majani karibu na mabomba yanayovuja ya gesi ya taa, ile iliyokuwa inawashia taa za mitaani, na watu hawaelewi kwa nini, mpaka mwaka 1901 Mrusi mmoja, Dmitry Neljubov, akaonyesha kwamba kitu kilichokuwa kinaathiri miche yake ya njegere kwenye hewa yenye gesi ya taa ni ethilini. Kwa hiyo ukiona jani limeanguka leo asubuhi usikimbilie kujiuliza jana nilikosea nini. Kutoka kupewa amri mpaka kuanguka zinapita siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki. Watu wengi wanapotelea hapo, jani linaanguka wanabadilisha kitu, linaanguka lingine wanabadilisha tena, mmea unakuwa kwenye safari isiyoisha.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Vitalu vingi vinakuza fikasi juani au chini ya neti nyepesi, kwa sababu zinakua haraka na kujaa majani. Majani ya namna hiyo yametengenezwa kwa mwanga mwingi, ni manene na matumizi yake ni makubwa. Ukiyaleta sebuleni yanaingiza kidogo kuliko yanavyotumia, mmea unapiga hesabu unaona bora kuyapunguza. Watafiti wa kule Florida miaka ya 1970 walilifanyia kazi sana jambo hili kwenye fikasi za majani madogo, wakaona zikikaa wiki kadhaa kwenye kivuli kabla ya kuuzwa, zikifika majumbani hazipukutishi kama zile zilizotoka juani moja kwa moja. Kwa hiyo muulize muuzaji wako: ilikuwa juani au chini ya neti? Na muulize la pili kwa upole ila usiliruke, ilikulia kwenye kiriba au iling'olewa ardhini ikatiwa kwenye kiriba juzi juzi? Unaweza kukumbuka mwenyewe. Ulipoichana ile kiriba udongo ulisimama kama keki umeshikwa na mizizi, au ulimwagika wote ukabaki umeshika shina lenye mizizi michache kama ndevu? Kama ulimwagika basi uliuziwa mmea uliopoteza mizizi mingi kabla haujaona hata basi.

Twende kwenye maji sasa, hapa nitakaa kidogo manake ndipo mimea mingi inapofia. Uliona majani yamelegea ukamwagilia, kesho bado yamelegea ukamwagilia tena. Ni akili ya kawaida, mahindi yakisinyaa si unayapa maji. Lakini jani linalegea pale maji yanayotoka ni mengi kuliko yanayoingia, na yanaweza yasiingie wakati udongo umelowa chapachapa, kwa sababu mizizi yenyewe haifanyi kazi. Mizizi inapumua. Inahitaji hewa iliyoko kwenye vitundu vya udongo, ukijaza vitundu vyote maji inazimia, afu inaoza, na mizizi iliyooza hainywi, kwa hiyo juu mmea unaonyesha kiu huku chini unazama. Ua lako hili, Ficus lyrata kwa jina la kitaalamu, kwao ni misitu ya mvua ya Afrika Magharibi na Kati, kuanzia Sierra Leone mpaka Kameruni, ni ndugu kabisa na mkuyu wetu, na huko mara nyingi linaanza maisha juu kwenye mti mwingine, limeota kwenye panda la tawi, mizizi inaning'inia na kupigwa na hewa kabla ya kufika ardhini. Mmea wenye asili hiyo ukaupanda kwenye udongo mweusi mzito wa mfinyanzi uliochanganywa na samadi, ndani ya chungu kikubwa kuliko mizizi yake mara tatu, ule udongo wa pembeni usio na mzizi wa kuunywa maji unabaki tope wiki nzima.

Halafu yurea. Yurea ni naitrojeni asilimia 46, kijiko kimoja ni kingi sana kwa chungu hata kwa mmea mzima. Ikiyeyuka kwenye udongo inabadilika kuwa amonia, na amonia ikizidi inaunguza ncha changa za mizizi, na chumvi zake zinafanya maji yang'ang'anie kwenye udongo badala ya kuingia kwenye mzizi. Zile kingo zilizokauka kama karatasi nina wasiwasi mkubwa zinatokana na hilo pamoja na upepo wa huko kwenu. Mbolea sio dawa, mbolea ni chakula cha mmea unaokula, na huu wako saa hizi haukuli.

Basi tuamue. Hukuniambia kitu kimoja muhimu kuliko vyote, hicho chungu cha kauri kina tundu chini? Kigeuze uangalie, vyungu vingi vizuri vya madukani havina tundu, vimetengenezwa vya kuwekea chungu kingine ndani. Kama hakina tundu hamna mjadala, lihamishe leo hii japokuwa kulihamisha tena ni mateso mengine, manake yurea na maji machafu hayana pa kutokea. Kama kina tundu ila udongo ni ule mweusi unaonata vidoleni, ukiukamata unatoka donge linalong'aa, bado nitakushauri kuhamisha. Kama kina tundu na udongo unapitisha maji vizuri, ukimwaga juu yanatoka chini ndani ya dakika moja hivi, basi usiliguse, lipeleke bafuni umwagie maji mengi polepole, kama mara tatu ya ujazo wa chungu, yapite yaende zake na yurea, afu uliache. Sikufichi, kuna wataalamu wenzangu watakwambia ua lenye stresi halihamishwi kamwe mara mbili ndani ya mwezi, na kwa kawaida nakubaliana nao. Ila tope lenye yurea sio hali ya kawaida.

Ukihamisha, usiling'oe kwa kuvuta shina. Laza chungu ubavu, gongagonga, toa pande lote na unuse. Ndio, unuse. Udongo mzuri unanukia kama mvua ya kwanza, uliooza unanuka mtaro. Mizizi mizima ni migumu, ya rangi ya krimu au hudhurungi ya dhahabu. Iliyooza ni myeusi, inateleza, ukiivuta kidogo ganda linatoka kama soksi na kubaki uzi mwembamba ndani. Hiyo ikate kwa wembe au mkasi uliofutwa kwa spiriti, uache mizima, na udongo ulioshikana na mizizi mizima usiuoshe wote, toa ule unaodondoka wenyewe tu. Utomvu mweupe ukikugusa nawa, unawasha, na usijifute macho.

Chungu kipya kiwe kidogo, kizidi mizizi kwa vidole viwili kila upande, basi. Hata kopo la rangi la lita nne ulilolitoboa matundu sita linatosha, urembo utakuja baadaye, unaweza hata kulitumbukiza ndani ya hicho cha kauri ukipata wageni. Udongo changanya mboji au udongo wa juu uliokaa vizuri sehemu mbili, mchanga mkubwa wa mtoni sehemu moja, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa sehemu moja, ukikosa makumbi tumia pumba za mpunga. Samadi usiweke. Mwagilia mara moja mpaka yatoke chini, umwage ya kwenye sahani, basi umemaliza, mbolea usiiguse mpaka uone majani mawili mapya yamekunjuka kabisa, yani tunaongelea miezi.

Pa kuliweka. Hapa naomba usifuate video za Ulaya zinazosema dirisha la kusini, wao wako kaskazini ya ikweta. Dodoma iko kama nyuzi sita kusini, kwa hiyo mwezi wa saba jua linapita upande wetu wa kaskazini, dirisha la kaskazini ndio linapigwa jua mchana na la kusini linapata mwanga tu mpaka kama mwezi wa kumi. Bora zaidi kwa sasa ni dirisha la mashariki, lipate jua laini la asubuhi kwa muda wa saa moja au mbili hivi, mmea ukae hatua moja kutoka kwenye kioo. Barazani litoe, na sio jua tu, ule upepo mkavu wa Dodoma wa miezi hii unakausha jani kuliko mizizi hiyo michache inavyoweza kunywesha, na usiku kunashuka mpaka karibu nyuzi 14 wakati lenyewe limetoka kwenye joto la Dar. Ukishaliweka usilizungushe wala kulihamisha chumba kila siku mbili. Mwezi mmoja hapo hapo.

Kumwagilia usitumie kalenda. Chukua kijiti cha mshikaki, kichome kwenye udongo mpaka karibu na chini, kiache dakika tano ukichomoe. Kikitoka kimelowa na udongo umenata, usimwagilie, jaribu tena kesho kutwa. Kikitoka kikavu kwenye nusu ya juu na ubaridi kidogo tu chini, mwagilia mpaka yatoke. Na zoea kunyanyua chungu, mkono ukishajua uzito wa kikiwa kimelowa na kikiwa kikavu hutahitaji kijiti tena. Kwa majani sita na baridi hii usishangae ikapita wiki nzima au zaidi bila kumwagilia.

Maji ya bomba ya Dodoma yana chumvi na chokaa, wewe mwenyewe unaona birika lako. Watu wanachemsha wakidhani wameondoa chumvi. Ukichemsha chokaa kidogo inaganda kwenye birika kweli, lakini chumvi yenyewe inabaki, tena maji yakipungua inakolea. Kuyalaza kwenye ndoo usiku kucha kunapunguza klorini tu. Kwa sasa tumia hayo hayo, ila kila ukimwagilia mwaga ya kutosha yatoke chini yabebe chumvi, na mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili kinga ndoo kadhaa.

Kuhusu kunyunyizia majani, haina madhara ila faida yake inaisha pale matone yanapokauka, na Dodoma hiyo ni dakika chache. Kama majani yanaendelea kulegea hata baada ya kuhamisha, unaweza kulivika mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha, usimamishe kwa vijiti usiguse majani, toboa matundu machache juu, na jua la moja kwa moja lisiufikie kabisa la sivyo umelipika. Lifungue nusu saa kila siku, na baada ya wiki mbili anza kuuinua taratibu. Ni kazi, na kwa mmea wenye majani sita magumu huenda usihitaji. Ningejaribu kwanza bila mfuko.

Maji ya sukari hapana. Mzizi haunywi sukari ukaipeleka kwenye jani, wanaoila ni bakteria na ukungu wa kwenye udongo, wakishiba wanaongezeka na kumaliza hewa ile ile ambayo mizizi inaitafuta. Na kwa kuwa najua ndio itakayofuata, usipake majani mafuta ya kula wala maziwa ili yang'ae. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, juu na chini, huku umelishikilia jani kwa kiganja kingine. Vitundu vya kupumulia viko upande wa chini wa jani, mafuta yanaviziba.

Umeuliza kukata. Jani lenye nusu ya kijani liache, hata likiwa baya machoni, bado linaingiza chakula. Lililopasuka halitajiunga lakini linafanya kazi. Toa lile lililo njano au kahawia lote, likiguswa litaachia lenyewe. Shina usikate sasa hivi, isipokuwa sehemu uliyoikwaruza ukakuta imekufa, hiyo kata mpaka ukutane na kijani. Madoa yasome hivi: makavu yanayoanzia ukingoni ni ukavu au chumvi, meusi au kahawia iliyokolea yanayosambaa kutoka katikati na karibu na mshipa, jani likiwa laini, ni mizizi kuoza, na mistari ya kahawia palipokunjwa ni majeraha ya safari tu. Ya kwako kwa ulivyoyaeleza naona ni mchanganyiko wa kingo kavu na kuoza kulikoanza, ndio maana nimekazania chungu.

Tegemea nini? Majani mawili au matatu bado yanaweza kudondoka hata ukifanya kila kitu sawasawa, usitetemeke. Kama shina limebaki gumu, baada ya wiki sita mpaka kumi angalia ncha ya juu, pale kuna ganda jembamba la kahawia lililochongoka kama ncha ya penseli. Likianza kuvimba na kuonyesha kijani kibichi limekubali nyumba yako. Wakati mwingine ncha inakufa na machipukizi yanatoka pembeni, kwenye makovu ya majani ya zamani, mmea unakuwa na matawi, na mimi binafsi naona unapendeza zaidi. Ila shina likilainika ukilibonyeza karibu na udongo na kutoa maji yenye harufu, usipoteze muda, hapo limeshafika mwisho kutokea chini. Kinachobaki ni kukata kipande kizima cha juu chenye jani moja ujaribu kuotesha, na uwezekano sio mkubwa.

Kuna hali ambazo ushauri wangu wa mbali hautoshi. Ukigeuza jani ukaona utando mwembamba kama wa buibui na vidoti vinavyotembea, au vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, au vigamba vya kahawia vinavyobanduka kwa ukucha, litenge na maua mengine, lifute kwa maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita, urudie kila baada ya siku tano. Yakiendelea baada ya mara tatu beba jani kwenye mfuko uliofungwa uende kitaluni au kwa afisa ugani, usinunue dawa ya mahindi dukani ukapulizia sebuleni mnapolala. Mtoto au paka akitafuna jani mdomo utawasha na anaweza kutapika, msuuze mdomo, na mtoto akivimba midomo au utomvu ukimwingia machoni osha kwa maji mengi na mpeleke hospitali.

Na muuzaji mpigie leo, usisubiri mmea ufe. Kitalu cha maana kikionyeshwa picha ya siku ya kufika kinaweza kukurudishia sehemu ya hela au kukuongezea mche, baada ya mwezi watakwambia umeua mwenyewe na hutakuwa na la kujibu. Ukiagiza tena, waambie walitoboe boksi pande mbili, udongo uwe na unyevu ila usilowe, kiriba kifungwe juu udongo usimwagike, na mtu wa parseli aombwe asiliweke na matunda. Wewe ulichukue siku hiyo hiyo hata kama ni usiku, na likifika lifungue uliache kwenye kiriba chake kivulini wiki mbili au tatu kabla ya kufikiria chungu.

Ukishaangalia hilo tundu nitumie picha tatu: chini ya chungu, chini ya jani lenye doa, na mizizi kama utaitoa. Ile ya ua zima sebuleni mwonyeshe mzee.